Matanga yameanuliwa, mbona mimi bado?

SWALI

Shikamoo, mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, kijana wa miaka 15 na binti wa miaka 9, na ninaishi Mafinga. Mume wangu alifariki kwa ajali miezi 14 iliyopita, tukamzika kijijini kwao upande wa Ifunda. Miezi saba baadaye mama yangu mzazi, aliyekuwa akinipigia simu kila siku saa mbili usiku tangu nilipofiwa, naye akafariki kwa kisukari huko kwetu Tukuyu. Nimeishika kazi ya mbao aliyoiacha mume wangu na inakwenda vizuri. Nafungua saa kumi na mbili asubuhi, hata Jumapili. Lakini mimi mwenyewe sijielewi. Nimeacha kwaya. Siendi misibani, hata kwa majirani, ninatuma rambirambi kwa simu tu. Usiku silali bila bilauri ya ulanzi, na saa tisa ninakuwa macho. Kuna siku ninacheka na vijana wa kazini, nikifika nyumbani ninajiona msaliti. Wifi yangu anasema nimebadilika, nimekuwa mwanaume, na ukoo umeanza kuzungumzia shemeji yangu anichukue. Katika semina ya kanisani tulifundishwa kwamba majonzi yana hatua tano na ya mwisho ni kukubali. Mimi nimekwama wapi? Huu ni ugonjwa? Nitarudi kuwa yule niliyekuwa? Na koti la mume wangu, ambalo bado limetundikwa nyuma ya mlango, nilifanye nini?

JIBU

Marahaba, mama, na pole kwa misiba miwili. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko nilivyoifupisha hapo juu. Niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilihesabu mistari: inayomhusu mume wako ni mingi, unaomhusu mama yako ni mmoja tu. Nitalirudia jambo hilo, kwa sababu nadhani ndilo kubwa kuliko yote uliyoyauliza, ingawa hukuliuliza. Kwanza niondoe kikwazo cha ile semina.

Hatua tano mlizofundishwa, yaani kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni na kukubali, ziliandikwa mwaka 1969 na Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Chicago, Marekani. Alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikikaribia kifo chao wenyewe. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba hatapona ana jambo moja la kulikabili na muda mfupi wa kulikabili, ilhali mfiwa ana miaka mingi mbele yake na watoto wanaosubiri uji asubuhi. Baadaye hatua hizo zilihamishiwa kwa wafiwa na zikaenea, nadhani kwa sababu ni rahisi kuzikumbuka na kwa sababu zinaahidi mwisho. Wataalamu waliowafuatilia wafiwa hawakuwakuta wakipanda ngazi hiyo kwa mpangilio. Mimi mwenyewe nilizifundisha hapa Mbeya kwa miaka kadhaa kama nilivyofundishwa, nikawaona wajane wakitoka semina na mzigo wa pili: walikuja wakiwa wamefiwa, wakaondoka wakiwa wamefiwa na wamefeli mtihani. Hujakwama popote, mama, kwa kuwa ngazi yenyewe haipo.

Vivyo hivyo usiyapime majonzi yako kwa tarehe ya kuanua matanga. Kila jamii huweka siku zake. Majirani zako Waislamu wana eda ya miezi 4 na siku 10 kwa mjane. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyefiwa na mwenzi wake angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Kwenu pengine turubai lilishushwa siku ya tatu au ya nne baada ya mazishi. Siku hizo zina kazi yake, kwani majirani hawawezi kulala kwako mwaka mzima na mwajiri anataka kujua mtu wake anarudi lini. Lakini ni kalenda ya waombolezaji. Siku mkeka unapokunjwa ndiyo siku nyumba inapokuwa kimya kwa mara ya kwanza, na wajane wengi waliokuja kwangu waliniambia kwamba kilio chao cha kweli kilianza siku hiyo, wakati watu wote walikuwa wameshapanda basi.

Maelezo ninayoyaona kuwa karibu zaidi na maisha yenyewe yalitolewa mwaka 1999 na Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Uholanzi. Kwa maelezo yao, mfiwa ana kazi mbili zinazokwenda pamoja. Moja ni kumwelekea aliyeondoka: kumlilia, kumtamani, kulishika koti lake. Nyingine ni kuyaelekea maisha aliyoyaacha: kulipa ada, kujua bei ya mbao, kulala peke yake kitandani. Hakuna awezaye kuzifanya zote mbili katika dakika ileile, na hakuna anayepaswa kukaa upande mmoja siku zote. Mfiwa huenda na kurudi, pengine mara kadhaa ndani ya siku moja. Anayebaki upande wa kilio peke yake huzama. Anayebaki upande wa kazi peke yake hukauka, na siku moja hupasuka mbele ya wateja kwa jambo dogo kama chenji iliyopungua.

Wewe ni mtoto wa Tukuyu, kwa hiyo jambo hili kwenu si geni hata kidogo. Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuandika kwa kina juu ya mazishi yao, waliona wanawake wakilia karibu na marehemu na, katika uwanja uleule, wanaume wakicheza ngoma na mikuki mikononi, vijana wakiwatazama wasichana, watu wakitaniana na kucheka. Mgeni angesema ni utovu wa adabu. Mimi naelewa kwamba wazee wale waliiweka safari nzima ya mfiwa katika uwanja mmoja ili asidhani kwamba upande mmoja unaukana mwingine. Unapocheka na vijana wa kazini saa nne asubuhi na kulia saa mbili usiku, unafanya peke yako, bila ngoma, kile ambacho ukoo mzima ulikuwa ukikifanya pamoja. Hatia unayoisikia ukifika nyumbani inatokana na upweke huo, kwa maana hakuna mtu wa tatu aliyeona vyote viwili, kicheko na kilio, akakwambia kwamba vyote ni vyako.

Sasa mama yako. Msiba wake uliukuta wa mume wako bado uko mkekani. Ulisafiri kutoka Mafinga, ukapita Makambako, Igawa na Uyole, ukateremka hadi Tukuyu ukiwa mjane wa miezi saba, na bila shaka nusu ya watu waliokupokea walikuwa hawajakuona tangu ufiwe na mume, wakakupa pole zote mbili kwa mkono mmoja. Isitoshe, kifo cha mzazi aliyeugua muda mrefu kina bahati mbaya yake. Watu husema amepumzika, amekula chumvi nyingi, hajaacha watoto wadogo, na mwana aliyekuja kumzika hujikuta akiona haya kulia sana, kana kwamba uchungu hugawiwa kwa umri wa marehemu. Nawe ulikuwa na watoto wa kurudi nao na mbao za kuuza. Ukazika, ukarudi, ukafungua kazi saa kumi na mbili asubuhi.

Tazama lakini alikuwa nani kwako katika miezi ile saba. Aliyekuwa akikufuta machozi ya msiba wa kwanza ndiye aliyegeuka kuwa msiba wa pili, na hukubakiwa na wa kukufuta ya kwake. Ninashuku kwamba sehemu kubwa ya usiku wako ni ya mama yako, ingawa unaiandika kwa jina la mume wako. Umesema simu yake ilikuwa ikiingia saa mbili usiku. Je, bilauri ya ulanzi unaishika saa ngapi? Kama ni saa hiyohiyo, au kidogo baada yake, basi umeshajua kinywaji hicho kinajaza nafasi ya nini.

Na hakikusaidii kulala, bali kinakuazima usingizi kwa riba. Pombe humwangusha mtu haraka, lakini mwili ukiendelea kuiondoa, usingizi wa nusu ya pili ya usiku huwa mwepesi na wa kukatikakatika, na ndiyo maana saa tisa unatazama dari. Bilauri moja unaweza kuiacha wiki hii; ikiwa zimekuwa nyingi kuliko ulivyoniandikia, na ukiacha mikono inatetemeka au unatoka jasho, usiache kwa ghafla, umwone daktari kwanza. Saa ile ya mbili usiku usiiache tupu. Umetaja kwamba mdogo wake mama yako yu hai huko Tukuyu. Mpigie mama mdogo saa hiyo, kwa kuanzia mara mbili kwa wiki, hata kama mazungumzo yatakuwa ya mvua na ndizi tu. Kisha, kabla ya mwaka wa msiba kutimia, panga kwenda kwenu siku tatu bila sherehe na bila kumwalika mtu. Kaa na mama mdogo, mwombe akusimulie mama yako alikuwaje kabla hajawa mama yako. Nenda kaburini kwake ukiwa mtoto wake, na kama mawazo ya mume yatakuja, uyaambie yasubiri Mafinga. Najua ushauri huu unasikika mdogo. Nimewahi kumwona mwanamume mwenye miaka hamsini na zaidi, aliyewazika baba na mke ndani ya mwaka mmoja, akianza kupata usingizi baada ya kumlilia baba yake peke yake kwa mara ya kwanza, miaka minne baadaye.

Umeuliza kama utarudi kuwa yule uliyekuwa. Hutarudi, na nisingependa upoteze nguvu kumsubiri. Yule mwanamke aliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwachia mahesabu na mtu mwingine wa kumlalamikia kuhusu huyo wa mahesabu. Wote wawili hawapo, kwa hiyo nafasi aliyosimama haipo. Linalobaki kuamuliwa ni mabadiliko gani uyashike na yapi uyatilie shaka, na hapa wifi yako anaweza kukusaidia bila kukusudia. Anaposema umekuwa mwanaume ameona kitu cha kweli: unapanga bei, unawatuma vijana, unasimama kwenye lundo la mbao mahali ambapo watu walizoea kumwona kaka yake. Huenda kinachomuumiza zaidi kuliko sauti yako mpya ni kwamba, kila anapokuona hapo, anaona kwamba kaka yake hatarudi. Naye amefiwa. Sina hakika kama kuna aliyempa pole ya kaka tangu matanga yaishe. Jaribu wewe, siku moja, kabla hajakulaumu tena.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: badiliko hili linakusogeza kwa watu, au linakuzungushia ua? Kazi ya mbao imekufungulia mambo mengi, imekupa ada za shule na ujuzi ambao hukuwa nao, na sioni sababu ya kuiombea msamaha. Hata hivyo kazi hiyohiyo, inapofunguliwa Jumapili alfajiri, inaanza kuwa ua. Jumapili ilikuwa siku ya kwaya. Na kwaya, kama tunavyojua sote tuliokulia makanisa ya nyanda hizi, ndiyo inayoimba makaburini. Nadhani hukuacha mambo mawili, kwaya na misiba. Uliacha jambo moja, nalo ni kusimama tena karibu na shimo lililo wazi.

Ninakuelewa, na bado nakuomba ulitazame jambo hili kwa makini kuliko mengine yote. Kwa upande mmoja ni suala la ujirani. Katika vijiji na miji yetu, kuanzia Iringa hadi Kyela, kumzika jirani si hisani, ni deni linalozunguka. Waliokuchotea maji, waliokesha na watoto wako, walioandika majina yao kwenye daftari la rambirambi, wanaona simu yako ikituma shilingi elfu kumi na wewe mwenyewe huonekani, na hawajui kwamba magoti yako hukosa nguvu ukiona turubai. Wanadhani umepata fedha ukajitenga. Kwa upande mwingine, ambao ndio wangu kitaalamu, woga una tabia ya kunenepa kila unapoukwepa. Msiba wa kwanza ulioukosa ulikupa nafuu ya jioni moja, na nafuu hiyo ikaufundisha mwili wako kwamba msibani kweli kuna hatari. Wa pili ukawa mgumu zaidi. Mtu anaweza kuanza kwa kukwepa makaburi, kisha akakwepa nyimbo, kisha akakwepa njia inayopita kanisani, mpaka mji mzima ukawa na sehemu asizokanyaga.

Usirudi kwa kishindo. Usianze na msiba wa ajali, wala wa mume wa mtu wa rika lako, wala wa mama wa rafiki yako wa karibu. Subiri msiba wa mtu wa mbali kidogo, mzee wa mtaa wa pili, na usiende siku ya mazishi. Nenda siku inayofuata, mchana, wakati watu ni wachache. Pitia nyuma, kwa akina mama wanaopika. Jikoni msibani ndiko mahali palipo na huruma kuliko pote, kwa sababu mikono ina kazi na hakuna anayekutazama usoni: utachagua mchele, utamenya viazi, utasikia akina mama wakicheka kidogo, utalia kidogo kwa kisingizio cha vitunguu. Kaa saa moja. Kabla hujatoka nyumbani mweleze jirani mmoja unayemwamini kwamba tangu ufiwe na wawili misiba inakutesa, na kwamba ukimgusa bega ina maana mwondoke. Jirani huyo atafanya kazi ya pili bila kutumwa, kwani jioni hiyohiyo wengine watakuwa wamejua kwamba hukuwa na kiburi. Mwezi unaofuata kaa saa mbili. Kuimba kaburini kuache kwa sasa. Kuhusu kanisa, fungua kazi saa nane mchana siku ya Jumapili au usifungue kabisa, uende ukakae kwenye benchi na waumini wengine. Wanakwaya wakikuita, waambie utakuja kwenye mazoezi kabla ya kuja madhabahuni. Sauti ikikatika kwenye mazoezi, hakuna msiba ulioharibika.

Kuhusu shemeji yako nitasema kwa kifupi, maana jambo lenyewe halina mjadala mrefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba, bila kujali mila yoyote, mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kuishi popote apendapo, na yuko huru kubaki bila kuolewa au kuolewa tena na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Huna haja ya kuitangaza sheria hiyo barazani kama mtu anayetafuta ugomvi. Mwombe mzee mmoja wa ukoo anayekuheshimu akuwakilishe, aseme kwamba watoto ni wa ukoo na wataendelea kuwa wa ukoo, na kwamba mama yao hajaomba mume. Kama usimamizi wa mirathi bado haujathibitishwa na mahakama, lishughulikie hilo mapema, kwa sababu mashine na mbao ambazo hazina msimamizi anayejulikana ndizo mara nyingi huleta mazungumzo ya nani amchukue nani. Na uamuzi wowote mkubwa unaoweza kungoja, kama kuuza kiwanja au kuhamia Tukuyu, uache ungoje hadi uwe umelala vizuri kwa miezi michache mfululizo.

Je, huu ni ugonjwa? Shirika la Afya Duniani limeyaingiza majonzi yaliyopitiliza katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Masharti yake ni kwamba hamu ya kumtaka marehemu au kumwaza bila kukoma, pamoja na uchungu mkali wa moyo, viwe vimedumu kwa angalau miezi 6, viwe vimezidi wazi kile ambacho jamii, mila na dini ya mtu hukitarajia, na viwe vimevuruga maisha yake ya kila siku. Madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka huohuo, wanataka miezi 12 kwa mtu mzima. Ukisoma miezi peke yake utaogopa, kwa sababu umefikisha 14. Lakini miezi ni sharti moja tu, na misiba yako ni miwili, wa pili ukiwa na miezi saba. Mtu anayelea watoto, anayeendesha biashara, anayecheka siku nyingine, na ambaye uchungu wake huja kwa mawimbi na kupungua, kwa kawaida yumo katika majonzi ya kawaida, hata yakiwa makali. Kinachonitia wasiwasi kwako ni kule kukwepa na ule ulanzi, ndiyo maana nimevizungumzia kwa urefu.

Siwezi kupima ugonjwa kwa barua. Kama baada ya miezi mitatu ya kujaribu niliyoyaeleza bado huwezi kukaribia msiba, au siku zinapita bila wimbi lolote kushuka, au umeanza kujiona mtu asiye na thamani yoyote na si mtu mwenye huzuni tu, au chakula hakipiti na mwili unapungua, nenda hospitali ya Mafinga ueleze hivyohivyo, uombe rufaa ya kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa au ya kanda hapa Mbeya. Na kama inakujia fikra ya kuwafuata waliotangulia, hasa ikiwa umeanza kufikiria namna na siku, usingoje miezi wala barua yangu: mwambie mtu mzima aliye karibu siku hiyohiyo, naye akupeleke. Tena, kifua kikibana usikubali kuambiwa na mtu yeyote, nikiwemo mimi, kwamba ni majonzi tu kabla hakijapimwa.

Binti yako wa miaka 9 anayecheza kana kwamba hakuna kilichotokea hajasahau. Watoto huingia katika huzuni na kutoka kama wanavyoingia katika dimbwi la mvua na kutoka, na akikuuliza ghafla, katikati ya kula, kama baba aliumia sana, mjibu ukweli mfupi kisha umwache aendelee kula. Kijana wa miaka 15 ni jambo jingine kidogo, naye ananirudisha kwenye koti.

Najua umeshaambiwa kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo ni dawa nzuri ya ugomvi, na ninaamini ilitungwa kwa ajili ya watu waliokosana. Kwa mfiwa haifai. Wahehe, wakwe zako, hawakuifuata walipofiwa na mtawala wao, Mtwa Mkwawa, mwaka 1898. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa mwaka 1954, na leo lipo Kalenga. Kwa miaka 56 hakuna aliyewaambia kwamba wamekwama katika hatua ya pili. Mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, waliandika jambo ambalo lingewachekesha wazee wa Kalenga kwa uchelewaji wake: kwamba wafiwa wengi walio wazima hawakati uhusiano na marehemu, huubadilisha tu umbo na kuendelea nao.

Kwa hiyo vitu vya mume wako viangalie kimoja kimoja. Ujumbe wake wa sauti ulio kwenye WhatsApp mwombe kijana wako auhamishe na kuuhifadhi mahali pengine leo, si kesho, maana simu huibwa, na namba isiyotumika hufungwa na kisha hupewa mtu mwingine. Nimemwona mjane aliyepiga namba ya mumewe akapokewa na sauti ya mtu asiyemjua. Nguo za kawaida unaweza kuzigawa kwa ndugu zake, na wifi yako awe wa kwanza kuchagua. Koti usilifue wala usilitoe kabla hujazungumza na kijana wako. Mwulize anapenda libaki pale mlangoni, au lihifadhiwe, au alichukue yeye. Baridi ya Juni haipo mbali huko Mafinga, na kwa umri wake huenda ameshalivaa siku ambayo hukuwepo, akatazama mikono inamfika wapi.